Uzingativu kwa anayeishi na sonona: mwongozo kamili kwa mliojaribu mkaishia njiani

Naandika hii kuhusu uzingativu (mindfulness), yaani kuweka umakini kwenye kinachotokea sasa hivi, kwa wenye sonona, yaani depresheni, kwa sababu maneno ninayoyasikia kwa aliyejaribu ni yale yale kila mara, "nilikaa, nikafumba macho, akili ndo kwanza ikaanza kukimbia, nikajiskia vibaya kuliko nilivyoanza, kwa hiyo hii kitu si ya kwangu". Ukimuuliza vizuri unakuta aliacha ndani ya wiki mbili za mwanzo, na unakuta alikuwa anaifanya vizuri tu ila hakujua kama anaifanya vizuri.

Shida karibu zote zinatoka sehemu moja. Mtu anakaa akisubiri akili inyamaze au huzuni iondoke, isipoondoka anajihesabu kashindwa, na mwenye sonona ni hodari sana wa kujihesabu kashindwa. Sasa hiyo sio kazi yenyewe. Kazi ni kugundua akili imeenda wapi, kuirudisha taratibu, kisha kurudia tena na tena. Shika hilo kabla hatujaenda popote maana kila hatua huko chini imesimama juu yake.

Mpangilio nitakaoufuata unatoka kwenye tiba ya wiki 8 iliyotengenezwa na Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale kwa ajili ya watu ambao depresheni inawarudia rudia. Inafanyika kwa kikundi, mara moja kwa wiki kama saa mbili hivi, na katikati kuna mazoezi ya nyumbani karibu kila siku. Ukiweza kupata kundi lenye mwalimu aliyesomea, nenda, itakuwa bora kuliko kufanya peke yako. Hapa nawaandikia ambao hawana, au waliowahi kwenda wakapotea katikati.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kiti cha kawaida chenye mgongo, na sehemu ya kulala chali, mkeka au kitanda, na shuka maana mwili ukitulia unapoa.
- Simu yenye taima ya mlio mpole. Weka mbali na mkono, zima data, ule mlio wa meseji unavunja kila kitu.
- Rekodi ya sauti ya mtu anayeongoza zoezi la mwili. Kama huna, soma hatua ya 3 kwa sauti yako taratibu ujirekodi, inafaa kabisa.
- Daftari la karatasi. Nasisitiza karatasi kwa sababu ukifungua simu kuandika utajikuta umeishia kwingine.
- Dakika 10 hadi 40 za siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 8. Chagua saa moja ile ile. Kama asubuhi ndo mbaya zaidi kwako, kama ilivyo kwa baadhi ya wenye sonona, usijilazimishe asubuhi.
- Mtu mmoja anayejua unafanya hivi. Sio lazima aelewe uzingativu ni nini, ajue tu, na awe anakuuliza.

## Nani asianze peke yake

Naomba usiruke hapa.

Kama unawaza kujiua au kujidhuru, acha mwongozo huu sasa hivi, mwambie mtu aliye karibu yako kisha uende kituo cha afya leo leo, na usikae peke yako mpaka umefika. Huo ni ugonjwa umepanda na unatibika, ila hautibiwi kwa kukaa kimya na pumzi.

Kama uko katikati ya kipindi kizito, huwezi kutoka kitandani, huli, husomi hata aya moja ukaelewa, tiba hii haikutengenezwa kwa hali hiyo. Ilitengenezwa zaidi kwa mtu aliyepata nafuu anayetaka isimrudie. Pata matibabu kwanza, utakuja huku ukiwa na nguvu kidogo.

Kama unaskia sauti ambazo wengine hawaziskii, au umepitia ukatili ama ajali na picha zake zinakurudia, au unatumia pombe na vilevi kwa wingi, fanya hivi ukiwa na mtaalamu wa afya ya akili. Ukimya unaweza kufungua vitu ambavyo peke yako utashindwa kuvibeba.

Na dawa. Usiache dawa za depresheni kwa sababu umeanza uzingativu. Ukiziacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira, na ugonjwa wenyewe kurudi. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2015, watu 424 wakafuatiliwa miaka 2, nusu walifanya tiba hii huku wakisaidiwa kupunguza au kuacha dawa, nusu wakabaki na dawa zao. Sonona iliwarudia asilimia 44 upande wa tiba na asilimia 47 upande wa dawa, yaani hakuna aliyemshinda mwenzake. Kwa hiyo usimruhusu mtu akutishe na dawa wala akudharaulie mazoezi, na kumbuka wale walipunguza dawa wakiwa na daktari, hawakuamka siku moja wakatupa vidonge.

## Hatua ya 1: Jua unaanzia wapi

Kuna dodoso la maswali 9 linaitwa PHQ-9, linatumika hospitali nyingi duniani. Linauliza wiki 2 zilizopita ulisumbuliwa mara ngapi na vitu kama huzuni, kukosa hamu, usingizi kuharibika, kuchoka, kujiona huna thamani. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Ukipata 10 au zaidi nenda ukaonane na mhudumu wa afya, dodoso haliwezi kukupa jibu la mwisho ila limekuambia kuna kitu cha kuangaliwa. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, ukijibu chochote zaidi ya 0 ongea na mtu leo bila kujali jumla imekuja ngapi.

Andika alama na tarehe, alafu usilirudie kila siku. Wiki ya 4 na wiki ya 8 inatosha.

Sababu ya kupima ni kwamba sonona inakula kumbukumbu. Wiki ya 5 itakuambia "hakuna kilichobadilika" na utaiamini, karatasi ndo itakayokukumbusha ulianzia wapi.

## Hatua ya 2: Toa jambo moja kwenye mazoea (wiki ya 1)

Chagua kitu unachofanya kila siku bila kufikiri, kupiga mswaki, kuoga, kuosha vyombo. Kifanye kama kawaida ila safari hii uwepo. Maji yana joto gani, mkono unasogea vipi, sauti gani inatoka. Akili ikienda kwenye deni au kwenye maneno ya jana, igundue, rudi kwenye maji.

Inaonekana ndogo mno, najua, na ndo maana watu wanairuka. Lakini huzuni inapoanza kushuka huwa inatukuta tukiwa kwenye mazoea, mikono inaosha vyombo huku kichwa kimeshafika mbali, na tunakuja kushtuka tumeshazama. Hapa unajifunza kushtuka mapema.

Imefanikiwa ikiwa ndani ya wiki umejikuta angalau mara moja unasema "kumbe sikuwepo hapa". Inatosha, endelea.

## Hatua ya 3: Kukagua mwili (wiki ya 1 na ya 2)

Lala chali, mikono pembeni. Anza na vidole vya mguu wa kushoto, viskie, joto, baridi, kugusana na shuka, au hakuna kitu kabisa, na hakuna kitu nalo ni jibu. Baada ya pumzi kadhaa hamia unyayo, kifundo, goti, paja, kisha mguu wa kulia, nyonga, tumbo, mgongo, kifua, mikono, shingo, uso. Darasani wanaenda mpaka kama dakika 40, wewe anza na 15 au 20 uongeze taratibu.

Kwa nini mwili? Kwa sababu sonona inaweza kuongea na mwili kabla haijaongea na kichwa. Mabega yanashuka, kifua kinakaza, miguu inakuwa mizito, na baadae sana ndo unapata sentensi ya "nimechoka na haya maisha". Ukizijua zile dalili za chini utaona wingu likiwa bado mbali.

Watu wanakwama hapa kwa namna mbili. Kuna wanaolala usingizi, ukilala sio kosa, ila kama ni kila siku kaa kwenye kiti au fumbua macho. Na kuna wanaosema "sijaskia utulivu wowote". Hukuahidiwa utulivu. Ukiupata ni vizuri, usipoupata zoezi limefanyika vile vile, kwa sababu ulichokuwa unajifunza ni kuhamisha umakini kutoka sehemu moja kwenda nyingine kwa kutaka mwenyewe.

Tahadhari: kama sehemu flani ya mwili inakuletea hofu au kumbukumbu mbaya, iruke. Fumbua macho, taja vitu vitano unavyoviona chumbani, weka nyayo chini zikanyage. Ukitaka kuacha kwa siku hiyo acha. Ikijirudia, peleka kwa mtaalamu.

## Hatua ya 4: Kukaa na pumzi (wiki ya 3), hapa ndo wengi wanaangukia

Kaa kwenye kiti, mgongo umenyooka bila kukakamaa, nyayo zote chini. Weka taima dakika 10. Tafuta pumzi inapoonekana wazi zaidi kwako, puani, kifuani, au tumboni, baki hapo hapo. Usiivute kwa nguvu wala kuipanga, iache ipumue yenyewe, wewe iskie tu.

Ndani ya sekunde chache akili itaondoka. Itaenda kwenye kazi, kwenye mtu aliyekuumiza, kwenye kitu cha aibu ulichofanya miaka kumi nyuma. Utakuja kugundua baada ya sekunde 5 au dakika 5, haijalishi. Ukigundua, taja kimoyomoyo "kuwaza", alafu rudi kwenye pumzi inayopita muda huo.

Sasa skiliza, ile nukta ya kugundua ndo zoezi lenyewe. Akili ikiondoka mara 40 ukairudisha mara 40, umefanya mara 40, kama mtu aliyenyanyua chuma mara 40, na hakuna anayelalamika kwamba chuma kilishuka. Aliyekaa akili ikaondoka mara 2 tu hajakushinda chochote.

Angalia sana namna unavyoirudisha. Mwenye sonona akigundua amepotea, kitu cha kwanza ni kujitukana, "hata kupumua nashindwa". Hayo matusi ndo ugonjwa unaongea, na ukirudi kwenye pumzi kwa matusi unakuwa umefanya mazoezi ya matusi. Rudi kama unavyomshika mkono mtoto mdogo aliyetoka barabarani, unamgeuza tu mnaendelea na safari. Matusi yakija nayo yahesabu ni wazo, "kujilaumu", rudi. Nimechukua muda mrefu kuliko hatua zote kuelewa hili na ningekuwa na uwezo wa kuwapa kitu kimoja tu humu ndani ningewapa hiki.

Imefanikiwa ikiwa unagundua mapema kidogo kuliko wiki iliyopita, au unarudi bila kujipiga. Kuhisi furaha sio kipimo.

## Hatua ya 5: Dakika tatu za kusimama (kuanzia wiki ya 3, kila siku)

Hii ndo utakayotembea nayo, kazini, kwenye gari, chooni hata. Ina sehemu 3, kila moja kama dakika 1.

1. Tambua. Jiulize nina nini sasa hivi, wazo gani, hisia gani, mwili ukoje. Jibu kwa maneno, "kuna wazo kwamba sitoweza, kuna huzuni, kifua kizito". Usirekebishe chochote.
2. Kusanya. Leta umakini wote kwenye pumzi, ikiingia, ikitoka.
3. Panua. Kutoka kwenye pumzi skia mwili mzima, uso, mabega, ulivyokaa, kisha chumba ulichomo.

Wiki ya kwanza ya hatua hii weka alamu mara 3 kwa siku ufanye hata kama uko sawa, maana ukisubiri siku ya shida ndo ujifunze hutokumbuka hata sehemu ya kwanza. Baadae ndo unaitumia pale pale mambo yanapoanza kukuvuruga.

Tahadhari ni kwamba wengi wanaruka sehemu ya 1 wakimbilie pumzi ili wasiskie uchungu. Hapo unakuwa umegeuza zoezi kuwa mahali pa kujificha, na utakuja kulalamika halifanyi kazi.

## Hatua ya 6: Wazo ni wazo (wiki ya 4 hadi ya 6)

Umetuma meseji, mtu kaiona, hajajibu. Siku uko sawa unasema yuko bize. Siku sonona imeshika unasema "kanichoka, na ana haki, mimi ni mzigo". Meseji ni ile ile, kilichobadilika ni hali uliyokuwa nayo ukiisoma, na kwenye daftari ukiziandika hizo siku mbili pembeni kwa pembeni utaona kwa macho yako.

Kwa hiyo wazo likija liongezee maneno mbele. Badala ya "mimi ni mzigo" sema "ninapata wazo kwamba mimi ni mzigo". Usibishane nalo wala usilazimishe wazo zuri, kubishana na sonona ni kuipa kiti ikae. Lione, litaje, rudi kwenye mwili.

Jingine la kulikamata ni kucheua. Ng'ombe anarudisha majani mdomoni anayatafuna upya, na sisi tunachukua "kwa nini niko hivi, kwa nini mimi" tunatafuna usiku kucha. Inakudanganya kwa sababu inafanana na kutafuta suluhisho. Kipimo changu ni rahisi, kama dakika 10 zimepita na hakuna hatua moja ya kufanya iliyopatikana, hiyo ni kucheua. Inuka, fanya dakika tatu, kisha shika kitu kwa mikono.

Ukishayajua mawazo yako ya mara kwa mara yape majina, "ile ya mzigo imekuja". Mengi ni yale yale matano au sita. Wazo la kutaka kufa haliingii kwenye utaratibu huu wa kutazama tu, hilo unamwambia mtu.

## Hatua ya 7: Kukaa karibu na kigumu (wiki ya 5, si kabla)

Chagua kitu kinachokusumbua kidogo, mzozo wa juzi, sio msiba wala jeraha kubwa. Kilete akilini, tafuta mwilini kimekaa wapi, koo, tumbo, kifua. Pumua ukielekea hapo, jiambie "kipo, naweza kukiskia". Dakika 1 au 2, rudi kwenye pumzi.

Tunafanya hivi kwa sababu nguvu nyingi za mwenye sonona zinaishia kwenye kusukuma huzuni isije, na huzuni ya kawaida ikisukumwa sana inakuja na wenzake. Ikizidi, fumbua macho, simama, kanyaga chini. Kutoka kwenye zoezi ni sehemu ya zoezi.

## Hatua ya 8: Panga siku yako (wiki ya 7)

Andika unachofanya kuanzia kuamka hadi kulala. Pembeni ya kila kitu weka alama, kinanijaza au kinanikausha. Utashangaa, mara nyingi vinavyojaza ndo tulivikata kwanza tulivyoanza kuzidiwa, marafiki, kutembea, kuimba.

Ongeza viwili kwa wiki, kimoja cha raha na kimoja cha kukupa hisia ya kumudu kitu, hata kupanga droo moja. Na usisubiri hamu. Kwenye sonona hamu inakuja nyuma ya kitendo, saa ingine kwa mbali sana, kwa hiyo unaanza bila hamu, kwa kipande kidogo, dakika 5 ni sawa.

## Siku ulizokosa

Utakosa. Ukikosa siku 4, siku ya 5 fanya dakika tatu tu, usijaribu kulipa madeni ya siku zote. Wiki ikipita usirudi hatua ya 1, rudi ulipokuwa.

Ila kama wiki 2 mfululizo unazidi kushuka huku unafanya kila kitu, au alama za PHQ-9 zimepanda wiki ya 4, usiongeze muda wa kukaa. Nenda kwa mtaalamu, peleka na daftari.

## Hatua ya 9: Karatasi ya kurudi kwa ugonjwa (wiki ya 8)

Kaa na mtu wako yule uliyemwambia mwanzo, mana yeye ameona vitu ambavyo wewe hukuviona. Mulize, "nikianza kushuka unanionaje?" Andikeni dalili zako halisi, sio za kwenye vitabu. Kuna anayeacha kupokea simu, anayeamka saa kumi alfajiri hawezi kulala tena, anayekuwa mkali kwa watoto, anayeacha kutandika kitanda.

Chini ya dalili andika mambo matatu kwa mpangilio. La kwanza dakika tatu, hapo hapo. La pili kitu kimoja kutoka kwenye orodha ya vinavyojaza, ukichague leo ukiwa mzima, maana siku hiyo kichwa hakitachagua. La tatu nani wa kumpigia na kituo gani utaenda, namba ziwe zimeandikwa, na kwamba dalili tatu zikitokea pamoja ndani ya wiki moja unapiga bila kujadiliana na nafsi yako.

Ongeza mistari miwili ya kujiandikia mwenyewe, kwa mwandiko wako, kwa ajili ya ile siku utakayoona hii yote ni upuuzi. Tengeneza nakala mbili. Moja bandika ndani ya mlango wa kabati, nyingine akae nayo yeye.